Kampuni Inataka Kununua Shamba Lako: Namna ya Kupima Kabla ya Kutia Sahihi

Mara nyingi huanza na barua, au simu kutoka namba usiyoijua. Anayezungumza ana adabu, anakuita kwa jina lako kamili, anajua shamba lina ekari ngapi na namba yake ya usajili. Anasema wananunua moja kwa moja, hakuna dalali, fedha zipo tayari, na mambo yote yatakwisha ndani ya wiki chache. Kama shamba hilo ulirithi, unaishi mbali nalo na kila mwaka unalilipia kodi bila kuvuna chochote, maneno hayo yanaingia moyoni kwa urahisi.

Nimeketi na ndugu na marafiki mara kadhaa, barua ya namna hiyo ikiwa mezani. Wapo waliouza wakafanya vizuri. Wapo pia ambao hadi leo hawapendi kulizungumzia jambo lile. Kilichowatofautisha si elimu wala ujanja. Waliofanya vizuri walijua, kabla ya kutia sahihi, kwamba ndani ya bei ya kampuni kuna makato: ya haraka, ya usumbufu unaoepushwa nao, na ya faida ya kampuni yenyewe. Makato hayo si wizi, ni malipo ya huduma. Lakini huduma hainunuliwi bila kuulizwa bei yake, na bei hiyo kampuni haikutajii. Unaitafuta mwenyewe.

Elewa kampuni inapata wapi faida

Kampuni nyingi za aina hii hazitafuti shamba la kulima. Zinatafuta tofauti kati ya bei utakayoikubali wewe na bei atakayolipa mtu mwingine baadaye. Njia zao kuu ni tatu. Ya kwanza, kununua shamba zima na kuliuza tena kwa bei ya soko, mara nyingi kwa malipo ya awamu. Ya pili, kulipima upya, kulikata vipande na kuuza kimoja kimoja, kwa sababu ekari moja ndani ya kipande kidogo huuzwa ghali kuliko ekari ileile ndani ya shamba kubwa.

Njia ya tatu ndiyo ambayo wauzaji wengi hawaijui. Kampuni hainunui kabisa. Inasaini mkataba na wewe, kisha inatumia muda uliomo ndani ya mkataba kumtafuta mnunuzi wa kweli, inamuuzia haki yake ya kununua, na kubaki na tofauti. Asipopatikana, kampuni inajitoa kwa kisingizio cha ukaguzi, na wewe umepoteza miezi ambayo shamba lako lilikuwa limefungwa. Sehemu nyingi jambo hili ni halali. Basi swali la kumuuliza kila anayekupigia ni hili: mtanunua kwa jina lenu na kwa fedha zenu, au mtauhamishia mkataba huu kwa mtu mwingine? Sikiliza anavyojibu, kisha uangalie kama mkataba unasema vivyo hivyo.

Majina ya wamiliki huyapata kwenye kumbukumbu za umma: wenye mashamba wanaoishi mbali, waliorithi, wenye malimbikizo ya kodi. Barua moja hutumwa kwa wamiliki wengi kwa mkupuo, kwa hiyo kuipokea si dalili kwamba ardhi yako ina hazina iliyofichika. Ila wakati mwingine ni dalili. Kabla ya kujibu, nenda ofisi ya mipango ya eneo husika uulize kama kuna barabara inayokuja, njia ya umeme mkubwa, mradi wa umeme wa jua, machimbo, au mpango wa kupanua mji. Waulize majirani wa shamba kama nao wamepata barua. Kampuni tatu tofauti zikigombania upande mmoja wa mto ndani ya miezi miwili, kuna jambo zinalolijua.

Hakikisha una kitu cha kuuza

Fanya upekuzi rasmi kwenye masijala ya ardhi wewe mwenyewe, hata kama shamba ni lako tangu zamani. Unatafuta mambo manne: jina lililoandikwa, ukubwa, rehani au zuio lolote, na haki za watu wengine, kama njia ya kupita au bomba la maji. Uzito wa majibu utakayopewa unategemea mfumo wa nchi. Katika mfumo wa Torrens, ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858 na kuenea nchi nyingi, kilichoandikwa kwenye daftari la serikali ndicho umiliki wenyewe, isipokuwa penye udanganyifu na mambo machache yaliyotajwa na sheria. Katika nchi nyingine daftari huhifadhi tu nakala za hati, na wakili hulazimika kufuatilia mlolongo wa wauzaji na wanunuzi wa miongo mingi nyuma. Jua uko wapi kati ya hayo mawili, maana ndiyo huamua gharama na muda wa kusafisha hati.

Kama jina lililopo ni la marehemu, hakuna anayeweza kuuza kihalali hadi msimamizi wa mirathi ateuliwe. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo familia huumizwa zaidi. Shamba linapokuwa la ndugu wengi kwa pamoja, bila kugawanywa, sheria za nchi nyingi humruhusu kila mmoja kuuza fungu lake. Kampuni humfuata mmoja, mara nyingi yule aliye mbali zaidi au mwenye shida kubwa zaidi, ikanunua fungu lake kwa fedha kidogo, kisha ikaenda mahakamani kama mmiliki mwenza na kuomba shamba zima liuzwe ili kila mtu apate chake. Marekani, familia nyingi za watu weusi wa maeneo ya kusini zilipoteza mashamba ya wazee wao kwa njia hii. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya mfano, ambayo majimbo mengi yameipitisha, inayowapa ndugu nafasi ya kwanza kulinunua fungu la anayeomba mauzo, kwa bei iliyothaminiwa chini ya usimamizi wa mahakama. Funzo linafaa popote. Kabla hata mmoja wenu hajajibu barua, kaeni pamoja, mkubaliane kwa maandishi kwamba anayetaka kutoka atauza kwanza kwa ndugu zake.

Mwenzi wa ndoa pia lazima ahusishwe. Mahali pengi mauzo bila ridhaa yake yanaweza kubatilishwa, na hata pale sheria inaponyamaza, nyumba haitanyamaza.

Tafuta thamani kabla ya kusikia bei

Mfuatano huu ni muhimu. Ukishasikia "tunakupa 60", akili yako itazunguka hapohapo kwenye 60, na kila hesabu utakayofanya itaelekea huko. Fanya kazi yako kwanza.

Tafuta mauzo matatu hadi matano yaliyofanyika kweli ndani ya miaka miwili iliyopita, karibu na shamba lako, kwa ukubwa unaolingana. Nasema yaliyofanyika, kwa sababu bei za kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji. Geuza kila moja kuwa bei kwa ekari (hekta moja ni takribani ekari 2.47, na nimeshaona watu wakichanganya vipimo hivi hadi hesabu nzima ikaharibika). Kisha rekebisha kwa tofauti zilizopo. Kikubwa ni njia. Shamba lenye barabara inayotambuliwa kisheria na shamba lenye njia inayopita kwa wema wa jirani ni vitu viwili tofauti hata kama udongo ni uleule. Baada ya njia huja maji, mwinuko, hatari ya mafuriko, ukaribu wa umeme, matumizi yanayoruhusiwa, miti inayoweza kuuzwa, na umbo la shamba lenyewe.

Kama ardhi ni kubwa au ya kipekee, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Achaguliwe na wewe, alipwe na wewe, wala asiwe yule aliyependekezwa na kampuni.

Halafu mtembelee jirani anayepakana nawe. Mara nyingi huyu ndiye mnunuzi bora kuliko wote na hakuna aliyemuuliza. Shamba lililozingirwa, lisilo na njia, halina thamani kubwa kwa mgeni, lakini kwa jirani ambaye tayari ana njia linaongeza eneo lake bila gharama ya ziada. Kuzungumza naye hakukugharimu kitu.

Hesabu kinachobaki mkononi

Usilinganishe bei na bei. Linganisha kinachobaki na kinachobaki. Tuchukue mfano wa shamba ambalo umekadiria thamani yake kuwa 100 (weka fedha yoyote unayotumia).

Ukiuza sokoni kupitia dalali, tuseme baada ya mabishano unapata 92. Dalali achukue asilimia 10, yaani 9.2. Upimaji na wakili, 3. Kodi ya ardhi na kufyeka kwa mwaka mmoja wa kusubiri, 1. Kinachobaki ni 78.8, nacho kinakuja baada ya mwaka.

Kampuni inakupa 60 na kulipa gharama zote. Kinachobaki ni 60, nacho kinakuja mwezi ujao.

Tofauti ni 18.8. Hiyo ndiyo bei ya haraka na utulivu, ile ambayo kampuni haikukutajia. Sasa jiulize kama unahitaji kuinunua. Kama una deni la 40 linalotozwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, kusubiri mwaka mzima kutakugharimu riba ya 8, na tofauti ya kweli inashuka hadi 10.8. Kama huna deni wala shida ya haraka, unalipa 18.8 ili tu uache kulifikiria shamba. Kwa mtu mmoja hayo ni malipo ya haki, kwa mwingine ni hasara kubwa. Mimi sioni aibu katika jibu lolote kati ya hayo mawili, mradi limetokana na karatasi na kalamu.

Weka na kodi ya faida inayotokana na mauzo. Hii hutegemea ulipataje ardhi na kwa thamani gani, ulitumia kiasi gani kuiendeleza, na kama fedha zinakuja mara moja au kwa awamu. Muone mtaalamu wa kodi kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya kusaini hana mengi ya kukusaidia. Tafuta risiti za uzio, kisima, barabara ya ndani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo hasa kwenye ardhi iliyopita mikono ya vizazi viwili.

Kwa uzoefu wangu, kuuza kwa kampuni huwa na mantiki pale shamba limeshatangazwa sokoni muda mrefu bila kupata mtu, pale malimbikizo ya kodi yanakaribia kulipeleka kwenye mnada, pale warithi ni wengi na wametawanyika na wote wanataka kumaliza, au pale ugonjwa hausubiri mwaka. Huwa ni kosa pale ardhi inailisha familia, pale iko kwenye ukingo wa mji unaokua, na pale sababu pekee ya kuuza ni kwamba mtu amepiga simu. Usisahau pia kwamba kuna njia za kati: kukodisha, au kuuza sehemu tu na kubaki na ile yenye maji na barabara.

Mchunguze mnunuzi

Thibitisha usajili wa kampuni na majina ya wakurugenzi kwa msajili wa makampuni. Omba orodha ya mashamba waliyonunua karibuni, kisha kagua masijala uone kama kweli yalihamia kwa jina lao au yalipita moja kwa moja kwa mtu mwingine. Zungumza na wauzaji wawili waliotangulia. Omba uthibitisho wa fedha kutoka benki, na wakili wako aipigie benki simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe.

Kuna dalili ambazo zikionekana unaacha hapohapo. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji fedha, iwe ya "ukaguzi", "usajili" au "kodi ya awali". Mnunuzi wa kweli hakutumii hundi iliyozidi bei na kukuomba urudishe ziada, maana hundi hiyo itakataliwa na benki baada ya wewe kutuma fedha halali. Na hakuna mnunuzi mwema anayekukataza kumwona wakili.

Omba ofa kutoka kampuni nyingine mbili. Mwambie kila mmoja kwamba unafanya hivyo. Mwombe pia aeleze amefikiaje bei yake. Akikuonyesha mauzo aliyotumia, unaweza kujadiliana naye kwa hoja.

Soma mkataba kama mtu atakayeufuata

Wakili awe wako, si wa kampuni, hata wakijitolea kumlipa. Vifungu vinavyostahili macho yako ni vichache, lakini kila kimoja kinaweza kukugharimu shamba au mwaka.

Jina la mnunuzi. Ukiona "au yeyote atakayemteua", huo ndio mlango wa kuuza mkataba wako. Ufute, au uweke sharti kwamba uhamisho wowote unahitaji ridhaa yako ya maandishi.

Muda wa ukaguzi. Siku 30 zinatosha mashamba mengi. Siku 120 zenye haki ya kuongeza na kujitoa bila sababu ni sawa na kumkopesha mnunuzi shamba lako bila riba. Akisisitiza muda mrefu, alipie kwa arbuni (malipo ya awali ya kuonyesha nia) isiyorudishwa baada ya siku za mwanzo. Ukubwa wa arbuni ndio kipimo cha nia: aliyeweka kiasi kidogo mno hana cha kupoteza akiondoka.

Zuio. Baadhi ya mikataba humruhusu mnunuzi kusajili maslahi yake kwenye hati siku ileile ya kusaini. Mauzo yakivunjika, unabaki na hati iliyofungwa hadi yeye au mahakama iifungue. Sharti liwepo kwamba zuio litaondolewa ndani ya siku kadhaa baada ya mkataba kuisha.

Vilivyomo ndani ya shamba. Mazao yaliyo shambani, miti, mchanga, haki za madini pale sheria inapomwachia mmiliki, vifaa vya umwagiliaji. Kisichotajwa huenda na ardhi. Kama kuna makaburi, andika haki ya kuyatembelea na kuyatunza, pamoja na njia ya kuyafikia, na isajiliwe ili imbane na mnunuzi wa baadaye. Ahadi ya mdomo juu ya makaburi haidumu zaidi ya mnunuzi wa kwanza. Nimewaona wazee wakisimama nje ya uzio.

Ongezeko la thamani. Pale unapohisi ardhi inaweza kubadilishwa matumizi, omba kifungu kinachokupa sehemu ya ongezeko: kwa mfano, asilimia 25 ya thamani iliyozidi iwapo kibali cha ujenzi kitapatikana ndani ya miaka 10. Nchini Uingereza vifungu vya namna hii ni vya kawaida katika mauzo ya mashamba yaliyo karibu na miji. Kampuni inaweza kukataa, lakini namna inavyokataa itakueleza mengi juu ya inachokiona katika ardhi yako.

Malipo ya awamu. Ukikubali, umiliki usihame hadi awamu ya mwisho, au uhame huku rehani kwa jina lako ikiwa imesajiliwa. Hakuna njia ya tatu iliyo salama.

Siku ya kukabidhiana

Usiitoe hati halisi mapema. Nakala inatosha kwa ukaguzi. Usisaini fomu ya uhamisho yenye nafasi tupu. Usimpe mnunuzi wala mfanyakazi wake hati ya kukuwakilisha kisheria, hata aseme ni ya "kurahisisha". Fedha zikae kwa mtu wa kati mnayemwamini nyote wawili na anayesimamiwa kisheria, kwa kawaida akaunti ya wateja ya wakili, zikiachiliwa pale uhamisho unapokubaliwa kusajiliwa.

Ukipata barua pepe ya dakika za mwisho ikisema namba ya akaunti imebadilika, simamisha kila kitu na mpigie wakili kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Matapeli huingia kwenye mawasiliano ya mauzo ya ardhi kwa sababu wanajua siku hiyo kuna fedha nyingi njiani.

Baada ya wiki chache, rudi masijala ufanye upekuzi mwingine. Unataka kuona jina lako limetoka. Lisipotoka, bili za kodi na lawama za moto wa nyasi au uchafu uliotupwa pale zitaendelea kukufuata. Chukua nakala ya matokeo hayo, iweke pamoja na mkataba, risiti za kodi na uthibitisho wa benki, na umwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali vilipo.